Gesi Katika Miti ya Babu

Kule kwa babu, Homa Bay, kitu nilichokiogopa kuliko vingine vyote ni viputo. Watu wa huko wanaogopa viboko, na mimi pia nawaogopa, lakini kiboko angalau hukoroma ukajua yuko wapi. Kiputo hakisemi. Unasimama ukingoni, pale ambapo zamani palikuwa na njia ya ng'ombe, maji yametulia kama chai iliyosahauliwa kwenye kikombe, halafu kitu kinapanda kutoka chini, kinapasuka, na harufu ya yai bovu inakufikia puani. Kisha kingine. Hakuna samaki pale wala hakuna mtu. Ni tope tu linalopumua.

Mimi naishi Migori na mama, anayeuza mitumba sokoni, na shule yangu ni ya kutwa. Niko kidato cha tatu. Kila likizo mama alinipeleka kwa babu na dani, yaani nyanya yangu, kwa sababu alisema mtoto asiyejua kwao ni mgeni kila mahali. Mimi si mtu wa kuongea. Mwalimu akiniuliza swali, jibu linafika kooni halafu linarudi lilikotoka, hata kama nalijua. Kwa hivyo mambo yangu mengi nayaandika, na hili nimelichelewesha sana kuliandika kwa sababu nikilifikiria mikono inatoa jasho.

Babu alikuwa na msitu. Tuliuita msitu ingawa ulikuwa ukanda tu wa migunga yenye gome la manjano, kati ya boma lake na ziwa. Majirani walikata ya kwao wakachoma makaa. Babu alikataa katakata. "Mti wa ufukweni ni ukuta," alikuwa akisema. "Nani hubomoa ukuta wa nyumba yake apikie chai?"

Halafu ziwa likapanda. Nilikuwa bado shule ya msingi. Maji hayakuja kwa kishindo, yalikuja mvua baada ya mvua, kama mgeni anayesogeza kiti chake karibu na meza kidogo kidogo. Shamba la chini la mtama likaenda. Njia ya ng'ombe ikaenda. Miti ikabaki imesimama ndani ya maji yanayofika kiunoni. Mingine ilikauka, mingine ikabaki na majani machache, kama nywele za mtu aliyetoka kuugua.

Kabla ya maji kupanda, tayari kulikuwa na dada mmoja wa chuo kikuu aliyekuja kupima. Dani alimwita dada wa vipimo. Alifunga maboksi ya plastiki kwenye mashina ya miti na mengine akayaweka kifudifudi juu ya udongo, kisha akavuta hewa kwa bomba la sindano lisilo na ncha na kuitia kwenye vichupa. Aliendelea kuja mwaka baada ya mwaka, hata maji yalipoingia, amevaa buti za mpira zinazofika kifuani, anatembea kati ya miti kama kuku kwenye matope. Babu alimpenda kwa sababu alikuwa akipiga hodi kwanza.

Siku moja alimchorea babu matokeo yake chini kwa kijiti. Nilikuwa nimekaa nyuma ya dani, nachambua kunde.

"Mzee, hapa ndipo tulipoanza," akasema. "Wakati ule msitu wako ulikuwa unameza gesi. Udongo mkavu una vijidudu vinavyoila."

"Na sasa?"

Kijiti kikapanda, kikapanda, karibu kifike miguuni mwa babu. "Sasa unaitoa. Chini ya maji hakuna hewa. Majani na mizizi inaoza, inatengeneza methani. Nyingine inatoka kwa viputo, nyingine inapita ndani ya shina kama moshi kwenye dohani."

"Hata mimi siku hizi natoa kuliko ninavyoingiza," babu akasema, akakohoa, wote wakacheka.

Mimi sikucheka. Dada alieleza kwamba methani inashika joto la dunia, na kwamba misitu mingi iliyofurika iko hivyo, siyo wa babu peke yake. Niliangalia ule mstari chini. Niliogopa si kwa sababu niliuelewa vizuri, ila kwa sababu miti ilikuwa vilevile. Ukiitazama kwa macho hujui chochote. Kitu kilichokuwa upande wetu kilikuwa kimehama, na hakikuaga.

Siku hiyohiyo babu alimwambia kwamba maneno ni mazuri lakini yeye anataka kuona. Dada akacheka, akachukua kekee yake nyembamba ya mkono, akatoboa shina la mgunga uliokuwa karibu na nchi kavu. Kekee ilipotoka, mti ukalia *ssss*, kama tairi la baiskeli. Dada akawasha kiberiti, akakisogeza. Mwali wa bluu ukasimama kwenye shina, mdogo kama kidole gumba, mwembamba, kama wa jiko la gesi. Babu akapiga makofi. Mimi nilijikuta jikoni kwa dani, na ungo wa kunde sijui niliuacha wapi.

Baadaye dada alinifuata. "Huo ni moto mdogo," aliniambia. "Hautoshi hata kuchemsha yai. Cha kuogopa ni kwamba mti ukiwa na gesi sana, mara nyingi umeoza ndani. Usikae chini yake."

Babu alifariki likizo hii iliyopita, hospitalini. Habari ilipofika nyumbani asubuhi, wanaume walikuja uani hata kabla viti havijaletwa. Kwetu Wajaluo, mwenye boma akifariki, moto mkubwa unawashwa nje ya nyumba yake. Tunauita magenga. Unawaka mchana na usiku mpaka azikwe na baada ya hapo, na wanaume wanakaa kando yake. Hauwashwi kwa vijiti. Unataka magogo.

Aliyesimamia mambo yote alikuwa baba mkubwa, ndugu mkubwa wa marehemu baba yangu. Mtu mmoja alijitolea kuleta magogo ya mkaratusi kutoka kwake. Baba mkubwa akakataa.

"Mzee hawezi kuota moto wa kuazima," akasema. "Ana msitu. Moto wake utatoka kwenye miti yake."

"Miti yenyewe si iko ndani ya maji?"

"Juu imekauka. Kijana wetu ana pawa."

Pawa ni msumeno wa petroli, na kijana mwenyewe ni kaka yangu. Yeye hukaa Uriri, anaitwa huku na huku kukata miti ya watu. Aliposhuka kwenye boda boda na pawa yake begani, nilimfuata kwa macho. Nilimvizia nyuma ya jikoni.

"Kaka, ile miti ina gesi ndani. Inawaka."

"Gesi ya kupikia?"

"Methani."

"Ile ya ng'ombe akijamba?" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwa hivyo miti ya babu inajamba! Na haikuniambia, miaka hii yote."

"Nimeona kwa macho yangu. Na ikiwa na gesi, ndani imeoza."

"Sikia. Mimi nimekata miti tangu nitoke shule. Mti uliooza naujua kwa sauti." Akanishika kichwa kama mpira. "Lakini asante kwa kuongea. Nitaenda polepole."

Akaenda. Nilifuata mpaka ukingoni nikasimama na wanawake waliokuja kuchota maji. Walichagua mgunga mkubwa ulioonekana mkavu kabisa. Kaka alikuwa majini mpaka kiunoni, pawa ameinyanyua. Mjomba mmoja alishika kamba iliyofungwa juu ya mti, na mdomoni alikuwa na sigara ya kusokota, tumbaku ya Kehancha, haitoki mdomoni hata akila. Pawa ikaunguruma, unga wa mbao ukaruka. Kisha unga ukageuka kuwa maji meusi. Maji yakatiririka kutoka ndani ya mti, na ile harufu ya yai bovu ikatufikia mpaka sisi.

Nilisikia *ssss* chini ya mngurumo. Labda sikuisikia, labda niliijua tu.

Hakukuwa na mlipuko kama wa sinema. Rangi ya bluu ilitoka kwenye ule mkato, ikageuka njano, ikapita juu ya mikono na kifua cha kaka, ikarudi. Pawa ikazama majini. Kaka akaanguka chali na maji yakamfunika. Watu wote walipiga kelele isipokuwa mimi. Nilidhani amekufa. Niliona wazi jinsi nitakavyompigia mama simu.

Akasimama. Nyusi zilikuwa zimeisha, mkono wa kulia ulikuwa mwekundu kuanzia kiganja mpaka kiwiko. Mpaka leo hakuna anayejua kama ni ile sigara au cheche za mashine. Sauti ya baba mkubwa ikatoka ukingoni, nzito, kama ya kanisani:

"Ni mzee. Amewasha mwenyewe."

Wanawake wengine wakaanza kulia upya. Nilitaka kusema hapana, ni methani, lakini nani anasema methani mbele ya watu wanaolia?

Dani alimwagia kaka maji baridi kwenye ule mkono kwa muda mrefu, kisha kaka akapelekwa zahanati akafungwa bendeji. Wakati hayupo, ule mti ulioachwa umekatwa nusu ulianguka wenyewe. Uliangukia upande wa kamba, pale mjomba alipokuwa amesimama asubuhi. Ndani ulikuwa mtupu na mweusi. Mtoto angeweza kujificha mle.

Waliukatakata kwa shoka, wakavuta vipande mpaka uani wakavitia kwenye magenga. Viliwaka vibaya. Ganda lilikuwa jembamba na kilichobaki ndani kilikuwa uozo uliojaa maji, ukawa unafoka na kutoa moshi tu. Kesho yake asubuhi hakukuwa na gogo, kulikuwa na majivu, na mazishi bado. Baba mkubwa alizunguka ule moto kama mtu anayemzunguka mgonjwa.

"Leteni mwingine," akasema. "Ule wa pili, wenye majani. Huo uko hai, hauwezi kuwa umeoza."

Kaka alikuwa amekaa kwenye gogo nyuma ya jikoni, anakausha plagi ya pawa kwa kitambaa kwa mkono mmoja. Nikamuuliza, "Utaenda?"

"Nikikataa watasema nimeogopa moto wa babu yangu mwenyewe."

"Si umeogopa?"

Alichukua kikombe cha uji na uji ukamwagikia gotini. Akaweka kikombe chini haraka, akatazama kama nimeona. Nilikuwa nimeona. Kaka yangu, ambaye hupanda juu ya mti na pawa inawaka, alikuwa ameshindwa na kikombe cha uji.

Nilikimbilia ndani kwa dani. Alikuwa amekaa sakafuni na wajane wenzake, miguu ameinyoosha. Nikamnong'oneza sikioni: mwambie baba mkubwa wasikate ule mti wa pili.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu. "Mimi msiba umenifunga miguu. Sitoki kwenda kubishana na wanaume uani. Wewe una miguu."

"Siwezi, dani."

"Basi kaa hapa na sisi, tungoje tuone."

Hakusema kwa ukali. Alisogea hata akanipa nafasi kwenye mkeka. Niliutazama ule mkeka, na nikajua nikikaa sitainuka mpaka nisikie kelele. Nikatoka.

Wanaume waliozunguka magenga walikuwa wengi kuliko darasa letu. Sikuweza kuwatazama, kwa hivyo niliongea na moto. Sijui nilianza vipi.

"Ongea kwa nguvu, binti," mjomba wa sigara akasema. "Huo moto ni kiziwi." Wakacheka.

"Mtoboe mti kwanza," nikasema. "Kwa kekee. Dada wa vipimo alitoboa, gesi ikatoka. Msiwashe mashine kabla haijatoka. Na msivute sigara."

"Nisivute?" mjomba akauliza. "Sasa huyu mtoto anataka kuniua kabla ya mti." Wakacheka tena, lakini baba mkubwa hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeona kuku akisoma gazeti.

"Wewe uliona akitoboa?"

"Ndiyo, baba."

"Sawa. Basi utakuja nasi. Sisi tutatoboa, wewe utatuambia lini imeisha."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilidhani ukisema jambo umelimaliza.

Walinipakia kwenye mtumbwi mdogo, wakausukuma kati ya miti. Viputo vilipanda kila mahali mguu wa mtu ulipokanyaga. Kaka alikuwa ameazima kekee kwa fundi wa mashua, nzito kuliko ya dada. Akazungusha kwa mkono mzima huku mwingine ameuinua juu ya maji. Alipoichomoa, mti ukapiga mluzi. Ukatema mate meusi, kisha ukaendelea, *ssss*, bila kupumzika. Mti wenye majani. Baba mkubwa akavua kofia. Mjomba akatoa sigara mdomoni mwenyewe, akaizima majini.

Tukangoja. Nimewahi kungoja matokeo ya mtihani, lakini huko hakuna anayekutazama usoni.

"Tayari?" baba mkubwa akauliza.

"Bado."

Nilimpigia dada wa vipimo. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikaweka kiganja mbele ya tundu. Hewa ilikuwa baridi, ikinigusa kama mtu anayeninong'oneza mkononi. Nikakitoa.

"Tayari?"

"Bado."

Baadaye mluzi ukapungua. Ukawa mdogo, mdogo, mpaka nikawa sijui kama nausikia au ni masikio yangu. Nikachuma unyasi nikauweka pale. Ukatikisika. Je, ni gesi au ni upepo wa ziwa? Nikafikiria labda gesi imeisha. Kisha nikafikiria labda uozo umeziba tundu na nyuma yake imejaa tele, inangoja. Yote mawili yangeonekana sawasawa kwa nje. Wanaume walikuwa wamesimama majini, macho yote kwangu. Nilipobadilisha mkao mtumbwi ukayumba, na vijiwimbi vikatoka kwangu kwenda kwao.

Kaka akasogea. Bila nyusi uso wake ulikuwa kama wa mtoto mchanga. Akasema polepole, ili mimi peke yangu nisikie, "Ukisema ndiyo, nawasha."

Hakuwa anatania. Mkono mzuri ulikuwa tayari kwenye kamba ya pawa.

"Sijui," nikasema.

"Nini?" baba mkubwa akauliza kutoka nyuma.

"Sijui!" Sauti ilitoka kubwa mpaka ndege wakaruka. "Sijui kama imeisha, na hakuna anayejua hapa. Usiwashe. Kaka, usiwashe!"

Nikaanza kulia, kwa aibu zaidi kuliko kwa huzuni. Kaka akaondoa mkono kwenye kamba. Akaiweka pawa ndani ya mtumbwi, miguuni pangu, akashika ukingo wa mtumbwi na kuinamisha kichwa.

"Yaani," mjomba akasema, "tumeshinda majini asubuhi yote, bila sigara, kwa ajili ya sijui?"

"Nyamaza," baba mkubwa akamwambia. Alitazama mti, akatazama mkono wa kaka, akageuka akatazama nyumbani, kule juu. Kisha akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, "Nguzo za zizi la ng'ombe, nani alizikata?"

"Babu," kaka akasema. "Kabla ziwa halijapanda."

"Kutoka wapi?"

"Hapahapa."

Tulirudi, na wakang'oa zile nguzo, nene, zilizokaushwa na jua la miaka. Ng'ombe walifungwa kwa jirani, wakilalamika. Nguzo ziliwaka vizuri, taratibu, na magenga hayakuzimika mpaka mazishi na baada yake.

Dada wa vipimo alikuja siku ya kumzika babu. Alisimama nyuma na kitambaa kichwani, akalia kama mmoja wetu. Watu walipoanza kuondoka nilimvuta kando nikamweleza yote, na kaka akaja akasikiliza. Nilimuuliza kitu kimoja tu: gesi ilikuwa imeisha? Ningejuaje?

Akafikiri. "Hata mimi nisingejua," akasema. "Siku moja mti unatoa sana, kesho kidogo, halafu unatoa tena. Ndiyo maana nimepima miaka yote hii na bado napima."

Nilidhani jibu hilo litanipa raha. Badala yake nilikaa kwenye nyasi, pale ambapo zizi lilikuwa. Dada akaenda kumsalimia dani. Kaka akakaa karibu nami, bendeji imeshachafuka. Chini, kati ya miti, viputo vilikuwa vikipasuka kimoja kimoja.

"Ungesema ndiyo?" akaniuliza.

Ningeweza kumdanganya. "Nilikaribia," nikamwambia. "Nilikaribia kusema ndiyo, ili tu waache kuniangalia."

Hakucheka. Aliutazama mkono wake. "Na mimi ningewasha, kwa sababu hiyohiyo," akasema.